Kuvu wa udongoni na magugu shambani

Je, kuvu wa udongoni husaidia magugu yote kwa usawa? Hapana. Kuvu wa mikoriza huingia katika mizizi ya mahindi na maharage, huipelekea fosforasi ambayo mizizi peke yake haiifikii, nao hulipwa sukari. Lakini mchicha pori na magugu ya jamii ya kabichi kwa kawaida hayashirikiani nao, na baadhi hata hudumaa kuvu hao wakiwa wengi. Kwa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kile chenye maua mekundu ambacho wakulima wa mpunga wa Kyela wanakijua vizuri mno, sababu ya kutonufaika ni nyingine: mbegu zake hulala udongoni zikisubiri kemikali inayotolewa na mzizi wenye njaa ya fosforasi, na kwa kuwa mmea ulioshika mikoriza huitoa kwa kiasi kidogo, mbegu nyingi haziamki. Hata hivyo palizi haiepukiki, maana magugu mengi ya jamii ya nyasi hunufaika na kuvu hao hao. Aidha, ukiweka mbolea ya DAP, yenye fosforasi, kwa wingi kila msimu, au ukirudia kabichi mfululizo katika shamba lilelile, mikoriza hupungua.