Maswali ya Wasomaji: Je, Kompyuta Inaweza Kuujaribu Upasuaji Kabla Mtoto Hajaguswa?

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Hutembea amekunja magoti na huchoka upesi. Daktari amependekeza arefushwe misuli ya nyuma ya paja. Ndugu yangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba huko upasuaji hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta. Je, ni kweli?
Mama Neema, Tanga

JIBU: Mama Neema, ni kweli kwa sehemu. Katika maabara za mwendo, mtoto hubandikwa vitufe vinavyoakisi mwanga kwenye nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kisha hutembea mbele ya kamera, juu ya sakafu iliyotegwa vyombo vya kupima nguvu ya kila hatua. Vipimo hivyo huingizwa katika programu yenye kielelezo cha mifupa na misuli. Mojawapo ni OpenSim, iliyotolewa bure mwaka 2007 na kundi la Scott Delp wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Faida yake kubwa, yaani kukadiria urefu wa misuli mtoto anapotembea, inahusu swali lako hasa. Misuli ya nyuma ya paja hupita kwenye nyonga na kwenye goti pia: nyonga ikikunjwa misuli hiyo hunyooka, goti likikunjwa hulegea. Kwa hiyo mtoto anayekunja vyote viwili anaweza kuonekana ana misuli mifupi, kumbe urefu wake ni wa kawaida. Watafiti wa Stanford, wakishirikiana na hospitali ya watoto ya Gillette huko Minnesota, walilikuta jambo hilo kwa watoto wengi wenye mwendo kama wa binti yako. Kurefusha msuli usio mfupi kunaweza kuudhoofisha, na kwa kuwa msuli huo ndio unaosaidia kuizuia nyonga isiinamie mbele, mtoto anaweza kutoka na tatizo jipya.

Hata hivyo, kompyuta haitabiri matokeo yote. Vielelezo vingi vilitokana na mifupa ya mtu mzima, vikapunguzwa kulingana na kimo cha mtoto, na bado ni vigumu kukadiria namna ubongo utakavyoiamuru misuli baada ya kisu.

Kwa maoni yangu, hata pasipo maabara hiyo una haki ya kupata majibu kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji. Muulize daktari: misuli hiyo ni mifupi kweli, na amepimaje? Goti linanyooka kikamilifu binti akiwa amelala? Je, mfupa wa paja umejipinda, au msuli wa shavu la mguu ni dhaifu kiasi cha kushindwa kulizuia goti lisikunjike? Mpelekee pia video ya simu ya binti akitembea peku, amevaa kaptura, ukiwa umemrekodi kwa mbele na kwa ubavuni, na mwombe mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia aitazame pamoja naye.