Miguu ipumzike, lakini mahindi yavunwe na nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwanariadha akimaliza marathoni, atumie mapumziko kufuatia malengo mengine ama apumzike tu?" Swali lenyewe limeulizwa kana kwamba mkimbiaji ana ofisi na siku za likizo. Huku Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet, hilo lengo lingine halifuatwi. Linamngoja getini na jembe.

Tazameni kalenda. Marathoni ya Boston ni Jumatatu ya tatu ya Aprili, London mwishoni mwa mwezi uo huo, na wakati huo mahindi yamepandwa na palizi inakaribia. Chicago ni Jumapili ya pili ya Oktoba, New York ya kwanza ya Novemba: mavuno. Zile wiki tatu ama nne ambazo kocha anampa mtu alale zinaangukia palepale shamba linapomtaka. Kwa hiyo nitajibu hili: mkimbiaji aende shambani, ama asiende?

Asiende. Baada ya kilomita 42, nyuzi za misuli ya paja na shavu la mguu zina michaniko midogo isiyoonekana. Maumivu huisha kwa siku nne tano, uponaji ukiwa bado unaendelea, na hapo ndipo mtu anadanganyika kwamba yuko sawa. Sasa mpeleke akapakie lori. Gunia ni kilo 90, yeye mwenyewe ni kilo 55. Wawili wanamtwika, anapanda ubao, na uzito wote unashukia goti lililokunjwa na kano la kisigino, ambalo halipati damu nyingi na hupona polepole kuliko misuli. Palizi nayo haina uzito, lakini kuinama asubuhi nzima kunavuta misuli ya nyuma ya paja. Wiki ya kurudi kwenye spidi misuli hiyo inashtuka, kisha lawama zinaenda kwa uwanja.

Hivyo ndivyo ningemaliza, kama si 2020.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13. Kambi zikafungwa, mazoezi ya makundi yakapigwa marufuku, na Machi 24 Olimpiki ya Tokyo ikaahirishwa. Boston na London za Aprili zikasukumwa mbele. Zile barabara za udongo za Iten, ambazo fatleki ya Alhamisi (mazoezi ya kupokezana kasi na polepole) huzijaza watu hadi magari yanangoja, zikabaki na mmoja mmoja. Na mvua ilikuwa imefika. Wakimbiaji ambao kila Aprili huwa kambini ama ng'ambo walikuwa nyumbani, wakapanda mahindi yao wenyewe na kuyapalilia. Tukasema mwaka umepotea. Septemba 5, mjini Prague, Peres Jepchirchir akakimbia nusu marathoni kwa 1:05:34, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee, na Kibiwott Kandie akashinda upande wa wanaume kwa 58:38. Oktoba 17, Gdynia nchini Poland, Jepchirchir akaishusha hiyo rekodi hadi 1:05:16. Kandie akawa wa pili nyuma ya Jacob Kiplimo wa Uganda. Desemba 6, Valencia, Kandie akalipiza: 57:32. Rekodi ya dunia ya nusu marathoni, ya Geoffrey Kamworor, ilikuwa 58:01, na siku hiyo wanaume wanne waliivunja katika mbio moja!

Najua kuna atakayesema hawakulala, walikimbia peke yao. Ni kweli. Na Eliud Kipchoge, Oktoba 4 mjini London, alimaliza marathoni wa nane kwa 2:06:49, ingawa yeye alilalamikia sikio lililoziba. Sidai kwamba jembe lilileta rekodi. Nasema tu kwamba miezi ile bila tarehe ya mbio na bila kundi la kumvuta mtu kwenye mazoezi ya spidi ya Jumanne haikuharibu miguu tuliyodhani itaharibika. Labda tatizo si shamba, ni shamba katika siku kumi za kwanza.

Basi aende, kwa masharti. Siku hizo kumi asiinue kitu. Akae kando ya mashine ya kupukuchua, ahesabu magunia, abishane na dalali, apime unyevu (asilimia 13.5 kabla ya kuweka stoo, la sivyo ukungu na sumu yake, aflatoksini). Kupakia ni kwa vibarua. Siku hizo kumi zikiisha, kazi ya jembe isizidi saa mbili kwa siku, na asichanganye siku ya jembe na siku ya kukimbia hata akiwa anakimbia dakika 30 za polepole tu. Kilo mbili tatu zikiongezeka, aziache, zitaondoka zenyewe. Wanaojenga nyumba za kupangisha Eldoret ama kusomea udereva, sina neno, mradi hawasimami siku nzima juu ya zege.

Kuna jambo moja ambalo mkimbiaji wa Boston husahau. Aliyepanda mwanzoni mwa Aprili ataweka CAN, mbolea ya kukuzia, katikati ya Mei, mahindi yakifika magotini, na hiyo ndiyo wiki anayorudi kambini. Gunia la kilo 50 kwa ekari, kuinama shina kwa shina. Hiyo amlipe mtu.