Vyuma Vikikaza, Panda Juu ya Paa

Juzi usiku kijana mmoja, fundi wa jipsamu na marumaru huko Mbagala, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Miezi miwili sina kazi ya maana. Vifaa vimepanda, wateja wote wanasema subiri kidogo. Niuze mashine ya kukatia marumaru nirudi nyumbani?"

Marahaba, mdogo wangu. Mashine usiuze. Kaa nikusimulie.

Mwaka 2015 nilikuwa na mafundi 11. Tulishika nyumba tatu kwa mpigo, Mbezi Beach, Mikocheni na Masaki: jipsamu za ngazi mbili, taa za kufichwa, makabati ya jiko mpaka darini. Wateja walitoa advansi kabla sijamaliza kuandika makadirio. Nikadhani ni akili zangu.

Vyuma vikakaza. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na wenye nyumba za kupangisha hapa Dar wakaanza kuhesabu wapangaji wanaofunga mizigo. Safari na semina za serikali zilikuwa zimeshabanwa, hela haizunguki. Simu yangu ikanyamaza. Mteja wangu wa Masaki (jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua) akaniambia, "Malizia kwanza fundi, sisi si watu wa kukimbiana." Nikamalizia. Saruji, jipsamu na rangi nikakopa dukani kwa jina langu. Shilingi 4,200,000. Mwenye duka alinifuata nyumbani, mafundi wakanifuata nyumbani, mke wangu akauza friji aliyokuwa akigandishia barafu za biashara. Miezi iliyofuata siisimulii.

Kilichonitoa ni doa la dari. Februari 2017 mama mmoja wa Kimara, jirani wa dada yangu, aliniita nipige rangi doa ambalo alikuwa ameshalipigia rangi mara tatu. Nikamwomba ngazi. Pale mapaa mawili yanapokutana majani ya mwembe yalikuwa yameziba, maji yanarudi chini ya bati, na misumari mingi imeshapoteza mipira yake. Kazi ya siku moja na nusu, ufundi 180,000. Mimi niliyezoea mamilioni! Niliomba nianze saa kumi na mbili asubuhi ili watu wasinione, nakiri.

Masika ikaja, dari ikabaki kavu. Yule mama alikuwa mwenyekiti wa kikoba chao. Kufika Juni nilikuwa nimeziba mapaa 14, yote ya wanakikoba na ndugu zao, na sikuwa nimebandika tangazo hata moja.

Humo kwenye kikoba ndimo ilimotoka kazi iliyonirudisha mjini. Mama mwingine alikuwa na nyumba kubwa Tabata, mpangaji wake kahamia Dodoma, anataka 800,000 kwa mwezi na hakuna anayepiga hodi. Nikamwambia, mama, tuikate mara tatu: kila sehemu chumba, sebule, choo ndani, mlango wake na Luku yake. Aliogopa gharama. Basi tukaenda sehemu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikapata mpangaji wa 250,000 aliyelipa miezi sita, ile kodi ndiyo ikajenga ya pili.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hela ikiwa ngumu, mteja anaitoa kwa mambo mawili: kinachovuja na kinacholeta kodi. Ukuta unaotafunwa na chumvi nauweka kwenye kuvuja pia. Ukimwonyesha mteja kwamba rangi ya kila mwaka inabanduka kwa sababu unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, atakusikiliza hata akiwa hana kitu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Januari kabla ya masika pigia simu kila mtu uliyewahi kumfanyia kazi, omba ukague paa bure. Gawanya kazi chumba kwa chumba, na usihamie cha pili kabla cha kwanza hakijalipwa. Vifaa anunue mteja mwenyewe, wewe msindikize dukani, umwonyeshe marumaru za Mkuranga na Chalinze badala ya zile zinazokuja na meli. Usikope vifaa kwa jina lako. Narudia: usikope vifaa kwa jina lako, hata mteja akiwa na geti la umeme.

Tena niseme ukweli, mtanisamehe. Ninyi vijana mnapenda picha za kurusha Instagram. Bati lililozibwa halina picha, ndiyo maana hamlitaki. Mnakaa kijiweni mkisubiri tajiri wa sebule, huku mtaa mzima umetega ndoo. Mungu hawezi kukushushia kazi unayoikimbia.

Leo nina mafundi 6, sitaki wafike 11.

Wiki iliyopita nilipita Masaki. Lile geti limepigwa rangi mpya, nyeusi yenye dhahabu. Nilisimamisha pikipiki nikaliangalia. Mkono wa pili wa rangi haukushika vizuri, pale chini kwenye bawaba kutu imeshaanza kutokeza.