Mbele ya kusema chuma ni mubaya, angalia disiki yako

Fundi moja wa kule Kenya (commune yetu ya hapa Lubumbashi, si inchi) alikuyaka mu labo na shafti ya mashine ya kusaga mawe, imevunjika katikati, miezi mbili tu tangu anunue. Walimuuzia kama 42CrMo4, aina ya chuma yenye krome na molibdeni. Tukaisaga kidogo juu, nikakamata ile pistole ya X-ray yenye inapima metali ziko ndani ya chuma, nikapima: krome 1,05%, molibdeni 0,2%, sawa kabisa, lakini mukuba (shaba) 0,6%. Nikasema njo hii! Juu mukuba mingi inapasua chuma wakati wa kufua na moto, inayeyuka chini ya kutu na kupenya kati ya punje za chuma. Nikaandika raporo, papa wa watu akaenda kugombana na muchuuzi.

Kesho yake naona disiki ya meleze yetu (mashine ya kusagia chuma) inangaa wekundu wekundu. Asubuhi ya siku ile nilipima, kijana wetu alisagia barre za mukuba, kisha akasagia ile shafti na disiki ileile.

Nilisikia haya, wee acha tu. Nikaweka disiki mupya, tukasaga na kupima tena, mukuba ikashuka mpaka 0,08%. Kwa hiyo ukiwa unapima vitu viko kidogo sana mu chuma, disiki ya kusagia chuma isagie chuma tu, usipanguse na kitambaa cha mafuta, usiguse na kidole, na ujue disiki ya alumina inaweza kuacha aluminiamu, ile ya karbidi ya silisi inaacha silisi na kaboni.

Sasa kitu cha pili, na hapa wengi wanadanganyika: ile pistole haioni kaboni. Mwangaza wa kaboni ni muzaifu sana, unakufia mu hewa. Na 25CrMo4 na 42CrMo4 zina krome na molibdeni ileile, tofauti ni kaboni tu, 0,22 mpaka 0,29 kwa moja, 0,38 mpaka 0,45 kwa ingine! Nikapeleka shafti kwa spektrometa ya cheche, mashine inapiga chuma na cheche ya umeme na kusoma mwangaza wake: kaboni 0,27%, njo kusema ni 25CrMo4. Muchuuzi alikuwa na kosa kweli, ila si lile niliandika.

Na cheche pia ina mambo yake. Mustari wa kaboni uko kwa nanomita 193, wa fosforasi 178, hewa inameza hiyo mwangaza, njo maana argoni (gesi inawekwa pahali pa hewa) lazima iwe safi. Alama nzuri ya cheche ku chuma ina shimo na duara nyeusi pembeni. Ukiona doa jeupe jeupe, tupa hicho kipimo, saga tena, piga mara tatu ine.

Arseniki na antimoni za chini kabisa, zile zinafanya chuma kivunjike kama kimekaa sana kwa digri 375 mpaka 575, mimi natuma kwa ICP (mashine ya plasma), chuma kinayeyushwa mu asidi. Usichemshe na asidi ya kloridi peke yake, arseniki inaruka na mvuke.

Muchuuzi alirudisha nusu ya franga. Shafti iko ingali mu labo, tunaegemeza nayo mulango.