Ukishampata mbwa mwitu kwenye Minecraft, mkalishe

Mtu akiuliza namna ya kumpata mbwa mwitu kwenye Minecraft, ile gemu ya dunia iliyojengwa kwa bloki, majibu yote huwa ya mifupa. Mpe mfupa, mpe mwingine, mioyo ikitokea juu ya kichwa chake basi ni wako. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana waliowahi kuwa na mbwa ni wengi na walio nao mpaka leo ni wachache. Kufuga kwenyewe kunaanzia pale mifupa inapoishia. Na humo katika kufuga, kitu kinachookoa mbwa wengi kuliko upanga wako ni kile kitufe kidogo cha kumkalisha chini.

Nacheza kwenye simu, hapa Dodoma, pamoja na watoto wa dada yangu. Umeme ukikatika jioni tunawasha hotspoti, tunaingia wote kwenye dunia moja, kila mtu na kona yake ya mkeka. Hata humo ndani mimi ni mamdogo tu: "Mamdogo, geuka, kripa huyo!" (kripa ni yule adui anayekusogelea na kulipuka). Kwa hiyo ninayoandika ni ya watu wa simu kwanza. Wa kompyuta hawatapotea sana.

Mifupa tuimalize haraka. Inatoka kwa skeletoni, wale wapiga mishale wa usiku. Ukimuua mmoja anaweza kudondosha mfupa, au miwili, au asiache kitu. Kila mfupa unaompa mbwa mwitu una nafasi moja kati ya tatu ya kumlegeza, kwa hiyo wastani ni mifupa mitatu kwa mbwa mmoja. Ila wastani haujui haki. Kijana wetu wa kati alimaliza mifupa yote aliyokuwa nayo kwa mbwa mmoja bila mafanikio, mdogo wake akampata huyohuyo kwa mfupa wa kwanza, na nyumba haikukalika jioni ile. Usitoke nyumbani na mifupa pungufu ya kumi.

Wa simu wana mtego wao. Ukishika mfupa na kumwelekea mbwa mwitu, chini ya kioo kinatokea kitufe. Bonyeza hicho kitufe. Ukimgusa mbwa mwenyewe kwa kidole, kwa mpangilio wa kawaida wa gemu umempiga, na ukimpiga mmoja wenzake waliopo karibu wanakuja wote, macho mekundu. Akishakasirika hapokei mfupa. Kimbia, nenda katafute kundi lingine.

Wapi pa kuwatafuta? Mbwa mwitu waliingia kwenye gemu Machi 2011, na kwa miaka kumi na tatu walikuwa wa sura moja tu, kijivu, wa misituni. Aprili 2024 zikaongezwa sura nyingine hadi zikafika tisa, kila moja na makazi yake: mweusi na wa kahawia kwenye misitu mikongwe ya misonobari, mweupe wa theluji kwenye misitu ya milimani, mwenye milia kwenye miamba myekundu yenye miti, na mwenye mabaka kwenye savana ya nyanda za juu. Huyu wa mabaka ndiye wa kwetu. Kwenye ile savana utaiona migunga, nyasi zilizokauka na ardhi kavu, nusu ya mandhari ya njia ya Bahi, isipokuwa mibuyu hawakuweka, kosa ambalo Mgogo yeyote angelisahihisha kabla ya chakula cha mchana. Tena wa mabaka hutembea kundi la wanne hadi wanane, kwa hiyo safari moja inaweza kuwatosha watoto wote wa nyumba.

Hapo ndipo binti yetu mdogo aliponiuliza kama wale wa hifadhi ya Ruaha nao wanakubali mfupa. Hapana, mwanangu. Mbwa mwitu wa Ruaha ni wanyamapori walio hatarini kutoweka duniani, na hapa Tanzania kukamata au kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai. Na ukitaka kumpa mfupa mbwa wa jirani, usiwe wa kuku uliopikwa, unapasuka vipande vyenye ncha na unaweza kumkwama kooni. Uchokozi wa mifupa uishie kwenye simu.

Sasa kukalisha.

Mbwa akishakuwa wako anavaa mkanda mwekundu shingoni na anakaa chini palepale. Ukibonyeza kitufe anasimama na kukufuata, ukibonyeza tena anakaa. Akiwa amesimama, ukimwacha nyuma zaidi ya bloki kama kumi na mbili anaruka na kutokea ulipo, ghafla tu, hata kama kati yenu kuna mto. Watu wanaipenda sana tabia hii, na ndiyo inayowaulia mbwa. Unachimba pangoni, umesimama kwenye ukingo mwembamba juu ya lava, umejishikilia usianguke, na gemu inamleta mbwa wako hapohapo ulipojibana. Au unajenga mnara. Au unapita mahali ambapo kila hatua umeihesabu wewe, yeye hajahesabu kitu. Mbwa aliyekaa harukiruki. Anabaki ulipomwacha mpaka umrudie.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba yetu ni kwamba mbwa haendi chini ya ardhi. Najua wapo wanaoshuka mgodini na kundi zima, na kwenye video inapendeza kuliona likimrukia zombi mmoja kwa pamoja. Mimi naona ni kupoteza mbwa. Pangoni huwaoni, hujui nani kabaki nyuma, na kibaya zaidi ni kripa. Mbwa wako atamshambulia karibu kila anayekupiga au unayempiga wewe, lakini kripa hamgusi. Anamwacha anakuja mpaka miguuni pako, analipuka, na wewe mwenye ngao na vazi la chuma unapona huku mbwa aliyekuwa pembeni yako anakufa. Upinde nao ni hatari kwenye njia nyembamba: mbwa anaingia mbele ya mshale wako kwa sababu anamkimbilia adui yuleyule unayemlenga.

Juu ya ardhi, uwanjani, usiku, hapo mbwa ana kazi yake. Skeletoni wakimwona wanarudi nyuma na kukimbia, na yeye anawafuata bila hata kuamrishwa. Kwa mtu anayehitaji mifupa zaidi, mbwa wawili waliosimama na uwanja wazi wanatosha kabisa. Unatembea nyuma yao unaokota.

Pa kuwakalisha pawe na paa, mlango na mienge ya kutosha, maana adui huzaliwa gizani hata ndani ya nyumba yako nzuri. Mbwa aliyekaa akipigwa anaweza kuinuka na kuanza kupigana, na hapo ulinzi wa kukaa umekwisha. Sisi tuliongeza paka. Kripa humkimbia paka, na paka wanapatikana kwenye vijiji vya humo ndani kwa kuwapa samaki mbichi, taratibu, bila kuwasogelea kwa kishindo. Paka mmoja kwenye kizingiti cha chumba cha mbwa ni ulinzi wa bei nafuu.

Jambo moja zaidi kuhusu kumpoteza. Ukipanda farasi au mashua ukaondoka kwa kasi, mbwa aliyesimama anaweza kushindwa kukufikia kabla eneo alilopo halijazimwa na gemu. Hajafa. Yupo palepale mlipoachana, kwa hiyo rudi kwenye njia ileile uliyopita, usianze kulia na kutafuta mifupa mingine. Akifa kweli mara nyingi utaletewa ujumbe kwenye sehemu ya mazungumzo, kwa jina lake kama ulimpa.

Afya yake isome mkiani. Ni kama mshale wa mafuta kwenye bodaboda: mkia ukiwa juu tangi limejaa, ukishuka unajua kinachofuata. Humo afya inahesabiwa kwa mioyo, na mbwa wa porini ana minne tu. Aliyefugwa zamani alikuwa na kumi, na tangu yale mabadiliko ya 2024 ana ishirini, sawa na wewe mara mbili. Chakula chake ni nyama yoyote, mbichi au iliyopikwa, na usimpe ile nzuri. Mpe nyama iliyooza inayodondoshwa na zombi. Ukiila wewe tumbo linakuvuruga, yeye haimfanyi kitu, na zombi hawajawahi kuadimika. Nyama ya ng'ombe iliyochomwa tunajiwekea wenyewe, ingawa bado kuna mtu kwenye mkeka ule anayempa mbwa wake minofu kwa siri. Namwona.

Halafu vazi. Hili ndilo jambo pekee linalonifanya nilegeze kanuni ya pangoni, na hata hivyo kidogo. Kwenye savana ileile ya mbwa wa mabaka, na kwenye miamba myekundu, kuna armadilo, mnyama wa Amerika mwenye gamba mgongoni ambaye ukimwona haraka utasema ni kakakuona aliyenenepa. Ukimpiga brashi anatoa gamba moja, hadhuriki. Brashi inatengenezwa kwa unyoya, kipande cha shaba na kijiti, na inachoka upesi kwenye kazi hii: magamba manne na imekwisha. Vazi la mbwa linataka magamba sita, kwa hiyo nenda na brashi mbili. Nenda pia kwa kutembea. Ukikimbia kumfuata anajikunja kuwa mpira, na utasimama hapo kumsubiri akunjuke.

Kwenye meza ya ufundi weka gamba moja juu kushoto, matatu safu ya katikati, mawili chini, moja kila pembe. Mvalishe mbwa wako aliyekomaa, watoto wa mbwa hawavai. Vazi lina pointi 64 za uimara, na likiwa zima ndilo linalopokea kipigo badala ya mwili wake. Mshale, jino la buibui, hata mlipuko, vazi linabeba hadi lipasuke. Nyufa utaziona kwa macho, na kila ukiona ufa mpake gamba lingine akiwa amelivaa vilevile, linajirudi. Kulivua unatumia mkasi wa kunyolea kondoo. Unaweza hata kulitia rangi.

Tumekubaliana kila mtu awe na mbwa wawili, na bado naona ni wengi. Kuwazalisha ni rahisi mno: mkia ukiwa juu kabisa, mpe kila mmoja nyama, mtoto huyo, na baada ya dakika ishirini amekomaa. Hiyo ni siku moja ya mle ndani. Urahisi huo unafanya watoto wazalishe mbwa wasiowajua hata kwa sura, na mbwa usiyemjua ndiye unayemsahau amesimama mvuani. Mkanda wa shingoni unabadilika rangi ukimpaka rangi yoyote, kwa hiyo kila mtu na yake: mkubwa bluu, wa kati kijani, mdogo waridi, mimi njano. Kibandiko cha jina ukikipata, kiandike kwenye fuawe halafu mpe yule unayetoka naye kila siku. Wa nyumbani watasubiri.

Rangi zinasaidia zaidi mnapocheza wengi, kwa sababu mbwa anamtii aliyemfuga tu. Mimi siwezi kumkalisha mbwa wa mwanangu hata nikimpigia magoti. Mwenyewe akitoka kwenye gemu na kumwacha amesimama, mbwa anaweza kuzurura, kuingia mtoni au kufuata adui, na sisi tuliobaki hatuna la kufanya zaidi ya kumjengea uzio pale alipo. Kwa hiyo kabla ya kuzima simu, kila mtu anapita chumbani na kukalisha wake.

Kijana wa kati anaanza bweni muhula ujao na simu haendi nayo. Mbwa wake wawili wa mkanda wa kijani nitawalinda, paka yupo, mienge ipo. Lakini mmoja vazi lake limepasuka vibaya tangu ile safari ya pangoni aliyoapa kuwa hakwenda, na kulirekebisha ni kazi ya mwenye mbwa. Magamba ayalete mwenyewe kabla ya siku ya kuripoti.