Muulize Fundi: Risiti tatu na Subaru ya Likoni

SWALI: Mjomba fundi, salaam aleikum. Nataka kununua Subaru Impreza WRX STI ya 2011, manyuali, iliyoingia nchini 2018. Saa yasoma kilomita 118,000 na bei ni milioni 2.1. Mwenyewe anakaa Likoni, ng'ambo ya feri, na kazi yake iko mjini Mombasa. Asema klachi ni mpya na giaboksi imehudumiwa, na amenipa risiti tatu. Picha ndizo hizo. Ya 2021 yasema "klachi pleti". Ya 2022, "mafuta ya gia lita 2". Ya 2023, "klachi" na bei tu. Je, zatosha nitoe arbuni?
Msomaji, Bombolulu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Arbuni ishike kwanza.

Picha zako nimezikuza. Risiti ya 2021 ni nambari 412. Ya 2022 ni 413, na ya 2023 ni 414. Kitabu kimoja, mhuri mmoja, na kwa jicho langu hata kalamu ni moja. Yaani gereji hiyo kwa miaka miwili ilipata kazi tatu, na zote za gari hili? Mimi na kibanda changu cha mabati Changamwe, hata mwezi wa Ramadhani kazi zikiwa haba, kurasa tatu nilizimaliza kabla ya adhuhuri. Simwiti mwenye gari mwongo. Huenda zake za kweli zilipotea akaomba aandikiwe upya. Lakini chukua nambari ya simu ya fundi umuulize: ulipoteremsha giaboksi ulikuta nini? Aliyeifanya kazi hiyo atakumbuka, maana STI haziji gereji kila siku. Aliyeandika risiti tu atakuuliza, "Gari gani?"

Iliyonikera zaidi ni hiyo ya mafuta. Giaboksi ya STI yenye gia sita hunywa lita 4 na kidogo, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kwa kuwa zimo kasha moja. Difu ya nyuma yatosheka na lita moja hivi. Sasa lita 2 ni za nini? Kama alimwaga yote akatia 2, gia zimezunguka nusu kavu. Kama aliongeza tu, basi mafuta yalikuwa yakivuja, na fundi akaona kuongeza ni rahisi kuliko kuziba. Tandika kadibodi, lala chini ya gari, utazame pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa pamelowa, kuna sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, inayovuja, na mafuta yakifikia klachi, pleti itateleza hata iwe ya jana.

Hilo neno "klachi pleti" nalo lilishaniliza. Nilimnunulia mpwa wangu gari kwa risiti kama hiyo. Wiki ya sita rilizi bering, ile inayoiachia klachi unapokanyaga, ikaanza kulia. Kuteremsha giaboksi, pleti mpya kweli, lakini presha pleti inayoibana ni ya zamani, na flaiwili, gurudumu la injini inakobanwa pleti, ina madoa ya buluu ya moto na nyufa nyembamba kama nywele. Kazi ya kuteremsha ikalipwa mara ya pili, na mfuko ulikuwa wangu. Risiti ya fundi aliyefanya kazi hutaja pleti, presha pleti, rilizi bering, flaiwili imechongwa au imebadilishwa, na kilomita za siku ile. Zako hazina kilomita hata moja.

Jambo moja lamtetea huyo bwana: Likoni. Foleni ya feri kila asubuhi, gari kwenye mteremko, mtu ameling'ang'ania kwa nusu klachi na handibreki iko karibu na mkono wake. Dereva wa namna hiyo aweza kumaliza klachi mbili kwa miaka miwili. Ila ukiamini hivyo, amini pia kwamba hiyo ya 2023 nayo imeshapanda feri mara nyingi.

Nenda alfajiri, mwambie asiwashe gari kabla hujafika, na uguse boneti iwe baridi. Liwashe bila gia, mguu mbali na klachi. Mlio ukiwapo, kisha ukapotea ukikanyaga, ni bering ya giaboksi. Ukija unapokanyaga, ni rilizi bering. Barabarani, giaboksi ingali baridi, rudi kutoka gia ya 3 hadi ya 2: isikwaruze. Injini ikishapata moto, tia gia ya 4 mizunguko ikiwa 2,500, kisha kanyaga mafuta. Sindano ya mizunguko ikiruka na gari halina habari, klachi yateleza. Uendeshe wewe, si yeye. Yeye keshajua pa kulibembeleza.

Tazama na rivasi. Kwa STI hiyo iko juu kushoto, na haiingii mpaka uinue pete iliyo chini ya kichwa cha gia. Ukiikuta chini kulia, hiyo ni ya gia tano na umebandikiwa nembo. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watakuonyesha mwenye gari na kama lina deni la benki, giaboksi haiwahusu.

Fundi akithibitisha kazi ya 2023 kwa simu, mwambie mwenyewe apunguze gharama ya sili na ya mafuta lita 4. Asipothibitisha, hesabu klachi nzima pamoja na flaiwili, utoe kwenye hiyo milioni 2.1, ndipo mzungumze.