Trimu zinapokataa kukutana kwenye kona ya dirisha

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Ninaweka vigae mwenyewe katika bafu langu, na sasa nimefika penye dirisha dogo. Ule ukingo wa alumini ambao mafundi huuita trimu nimeukata nyuzi 45 kwa kisanduku cha seremala, kile chenye mifuo ya kuongoza msumeno, na msumeno wa chuma, lakini kila nikivikutanisha vipande viwili kwenye kona, upande mmoja unashikana na wa pili unaacha mwanya wa milimita 2. Nimeshaharibu trimu tatu. Fundi jirani yangu ananiambia nizibe kwa silikoni niendelee na kazi. Nimsikilize?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Usimsikilize, angalau si katika hilo. Silikoni hufaa kwa mwanya mwembamba kama uzi. Ukiijaza katika milimita 2 itaonekana kama kidonda kilichobandikwa plasta, na kwa unyevu wa bafuni haitachukua muda kabla ya kuota kuvu jeusi.

Wala sidhani kosa liko ukutani. Hata kona yako ingekuwa na nyuzi 92 badala ya 90, vipande viwili vya nyuzi 45 vingeacha takriban nusu milimita tu katika trimu yenye uso wa milimita 10. Mwanya kama wako kwa kawaida hutokana na trimu kulala upande wakati inakatwa. Itazame vizuri: ina bawa jembamba lenye matundu, linalozama katika gundi nyuma ya kigae, na ina uso unaobaki kuonekana. Ukiiweka kisandukuni bila kuiegemeza, bawa hubonyea na uso huinama, kwa hiyo msumeno wako unakata nyuzi 45 sahihi kabisa katika kitu ambacho hakikukaa sawa.

Chonga ubao mwembamba wenye unene sawa na kigae chako, uupachike ndani ya trimu juu ya bawa, mahali pale pale kigae kitakapokaa, kisha ubane vyote pamoja kwenye ubavu wa kisanduku na msumeno upite katika trimu na ubao kwa mkupuo mmoja. Zungushia tepu ya karatasi kabla ya kuchora mstari, anza kukata upande wa usoni, na utumie wembe wa meno 32 kwa inchi. Grainda ina haraka, nakubali, lakini huchoma rangi na kuacha ukingo wenye makovu. Baada ya kukata, piga tupa laini ukisukuma kutoka usoni kuelekea ndani, kwani ukisukuma kinyume chake utaubandua ule mng'aro pembeni. Punguza pia ncha ya bawa milimita 2 au 3, ili mabawa mawili yasigongane chini ya gundi na kuisukuma kona nje.

Usipime urefu wote kwa futi na kukata ncha zote mbili kwa pamoja. Kata ncha moja kwanza, ioanishe na mwenzake pale dirishani, ndipo uweke alama ya ncha ya pili, tena ukizidisha milimita moja ya kumalizia kwa tupa.

Wasomaji wa Mji Mkongwe wasiichukue hesabu ile ya nyuzi 92 kwa wepesi, maana kuta zile za mawe na chokaa mara nyingi haziijui guniya, yaani kipimo cha pembe ya nyuzi 90. Kwao ni bora kuziweka trimu mbili juu ya kona zikipishana kama zitakavyokaa, kuweka alama pale kingo za nje zinapokatana na pale kingo za ndani zinapokatana, na kuziunganisha alama hizo kwa mstari. Huo ndio utakaokatwa, uwe nyuzi 45 au usiwe.

Kwa kuwa umechagua alumini, futa saruji na grauti, ule uji wa kuzibia mianya ya vigae, zikiwa bado mbichi, kwa sababu magadi ya saruji huila na kuiacha na mabaka yasiyotoka.

Zile trimu tatu usizitupe. Dirisha lako ni dogo, na ukikata upya ncha zilizoharibika, huenda zikatosha kwa kingo fupi za juu na chini.